Kimya cha Ayub

"Nijibu basi, Ayub. Utaoa ama hutaoa?"

Ayub hakujibu. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa meza, pale ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Kidole chake kilikuwa kimebanwa na kifaa kidogo cheupe chenye waya, na cha Amida vilevile, na kutoka pembeni ya chumba kamera ilikuwa ikiwatazama wote wawili bila kupepesa.

"Unaona sasa?" Amida alisema. "Hata hapa. Hata mbele ya mitambo ya watu huna la kuniambia."

Walikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na Kamakis, kwenye chumba ambacho wanasaikolojia wa chuo kikuu kimoja walikuwa wamekikodi. Walitaka kujua kinachotokea ndani ya mwili wa mtu anapogombana na mpenzi wake. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wanandoa walichagua jambo moja linalowauma, wakaachwa peke yao robo saa walizungumzie, na mashine ikahesabu mapigo ya mioyo yao. Amida hakuhangaika kuchagua. Nyumbani kwao Mwihoko jambo lenye uchungu lilikuwa lilelile miaka sita.

Hawakuwa na mtoto. Mama yake Ayub, Bi Zahra, alianza kwa kuleta dawa za mitishamba kutoka kwake Landless, Thika. Dawa zilipoisha akaleta maneno. Na mwezi uliopita alikuwa ameleta jina: Leila, mjane kijana mwenye watoto pacha, mwanamke ambaye, kwa maneno ya Bi Zahra, hakuna wa kuuliza kama anazaa.

Kila Amida alipolitaja hilo, Ayub alizima kama redio iliyokatiwa stima. Alikuwa akisikiliza ameinamisha kichwa, kisha anavaa viatu na kutoka, harudi mpaka mkewe awe amelala. Amida alikuwa ameutafsiri ukimya ule kwa njia moja tu: mtu humnyamazia asiyemthamini. Jirani yao kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, Ngina, alipomwambia kuhusu utafiti ule, Amida alimpa mumewe mambo mawili achague. Waende pamoja, au yeye arudi kwa mama yake Majengo. Ayub alitikisa kichwa kukubali, na hata hapo hakusema neno.

Mlango ulifunguliwa. Mtafiti aliyeitwa Nakhumicha, mwanamke mpole wa sauti ya chini, aliingia akawaondolea vile vifaa vidoleni, kisha akaugeuza uso wa kompyuta upande wao.

"Huu mstari wa kijani ni wako, Amida. Umepanda ulipoanza kusema mpaka mapigo tisini kwa dakika, halafu ukashuka. Ni mtu mwenye hasira anayetoa yaliyo moyoni."

"Na huu mwekundu?"

"Ni wake. Mia moja ishirini na nne. Na haukushuka mpaka nilipofungua mlango."

Amida aliutazama ule mstari, kisha akamtazama mumewe. "Lakini amekaa tu. Hakutikisika hata kidogo."

"Ndiyo maana nawaonyesha."

Nakhumicha aliwaeleza taratibu. Wanaochunguza ndoa, alisema, wameliona hili mara nyingi: anayenyamaza kwenye ugomvi mara nyingi hajatulia. Mwili wake uko kama wa mtu anayefukuzwa na mbwa. Masikio yanasikia, lakini akili haiwezi kukusanya maneno, kwa hivyo anajifungia ndani. Mwenzake akiona ukuta anapaza sauti, na sauti ikipanda ukuta unazidi kuwa mnene. Mmoja anakimbiza, mwingine anakimbia, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake ndiye aliyeanza.

"Anaogopa nini?" Amida aliuliza.

"Hilo mashine haijui. Inahesabu mapigo, haisomi siri. Mtu anayeogopa kukupoteza na mtu anayekuficha jambo, mistari yao inaweza kufanana."

Ayub alifumba macho. Ilikuwa kwa muda mfupi tu, lakini Amida aliona.

Kabla ya kuwaachilia, Nakhumicha aliwapa ushauri. Mambo yakizidi, aliyezidiwa aseme wazi kwamba anahitaji nusu saa. Atoke, afanye kazi ya mikono, asikae akipanga majibu. Lakini lazima arudi, na aliyeomba muda ndiye atakayeanza kuzungumza. Baada ya hapo kila mmoja alihojiwa peke yake. Amida alimaliza kwa dakika kumi. Ayub alikaa humo karibu saa nzima, akatoka macho yakiwa mekundu.

"Ulimwambia nini?" Amida alimuuliza walipofika barabarani.

"Nipe siku chache."

Asubuhi iliyofuata, Ayub alipokwenda kwenye karakana yake ya kuchomelea mageti, Amida aliacha cherehani na kumpigia simu Nakhumicha.

"Dada, nakuomba. Kuna mwanamke? Niambie hilo moja tu."

"Amida, alichoniambia ni chake, kama ulichoniambia wewe kilivyo chako. Nikitoa lake leo, kesho nitatoa lako."

"Hata wewe ni mwanamke. Unajua ninavyoumia."

"Najua. Lakini si mimi uliyeolewa naye. Muulize yeye, na umuulize akiwa ametulia."

Amida alikata simu bila kuaga. Siku nzima alishona akifumua, akishona tena. Jioni alipekua mifuko ya suruali za Ayub na kupata misumari tu na stakabadhi ya rangi. Aliona aibu, lakini aibu haikumzuia kupekua kabati pia.

Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu yake. Ulikuwa wa Bi Zahra.

“Amida, Jumamosi saa nane mchana mje Landless wewe na mumeo. Shangazi yake Leila atakuwepo. Nakuambia mapema usije ukasema tulikuzunguka.”

Aliusoma mara tatu. Hakumwonyesha Ayub usiku huo. Alisubiri mpaka Ijumaa, Ayub aliporudi kutoka msikitini na kumaliza chakula chake, ndipo akamwekea simu mbele yake. Safari hii hakuketi kumkabili kama alivyozoea. Alikaa kando yake, bega kwa bega, wote wakitazama ukuta.

"Sitapiga kelele leo," alisema. "Nataka tu kujua tunaenda kwa Mama kusema nini."

Aliisikia pumzi ya mumewe ikibadilika. Ilikuja fupi fupi, kama ya mtu aliyepanda ngazi.

"Nipe nusu saa," Ayub alisema.

Alitoka nje. Amida alisikia nyundo ikigonga bawaba ya lango la ploti, lile ambalo mwenye nyumba alikuwa amelipuuza tangu mvua za masika. Kisha nyundo ikanyamaza. Nusu saa ikapita. Zikaongezeka dakika tano, na Amida alikuwa tayari ameshajiambia kwamba mumewe ameenda zake, mlango ulipofunguliwa. Ayub aliingia na kutu mikononi. Hakunawa. Alikaa palepale alipokuwa amekaa na akaanza mwenyewe.

"Miaka miwili iliyopita, mwezi wa tatu, nilienda hospitali Thika peke yangu. Nikapimwa."

"Ukapimwa nini?"

"Mbegu. Waliniambia hakuna. Si kwamba ni chache, Amida. Hakuna."

Kitu cha kwanza kilichomjia Amida kilikuwa ahueni, na baadaye alijishangaa kwa hilo. Hakukuwa na mwanamke. Lakini ahueni ile haikudumu hata kwa pumzi moja, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshaanza kuhesabu miezi.

"Picha yangu ya mirija ya uzazi ilikuwa mwezi wa sita," alisema polepole.

Ayub alianza kukwangua kutu viganjani.

"Mwezi wa sita mwaka huohuo, Ayub. Nilipolazwa kwenye kile kitanda cha chuma wakanisukumia dawa ndani, nikauma hijabu yangu nisipige mayowe. Wewe ulikuwa nje umenishikia mkoba. Ulijua?"

"Amida."

"Nakuuliza. Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

Alimweleza yote, maneno yakimtoka kwa vipande. Alitaka kumwambia mlangoni mwa chumba kile, akashindwa. Akataka kumwambia walipokuwa wakirudi nyumbani, akamwona analia, akashindwa tena. Baada ya hapo ikawa vibaya zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na makosa mawili ya kuungama, ugonjwa wake na kimya chake. Kila siku aliyonyamaza ilifanya kesho iwe ngumu zaidi. Alijidanganya kwamba huenda maabara ilikosea. Alijidanganya kwamba mama yake atachoka. Ngina na majirani walipoendelea kumwita mkewe "Amida" tu, huku wanawake wengine wakiitwa mama fulani, alijiambia ni mazoea tu ya ploti.

Amida alifungua mdomo kumjibu na hakupata neno. Aliusikia moyo wake masikioni, ukigonga kiasi cha kuifunika sauti ya mumewe. Viganja vilikuwa vimelowa. Alitaka kulia, alitaka kumpiga, na mwili haukumruhusu lolote. Hapo ndipo alipouelewa ule mstari mwekundu kutoka upande wa ndani. Lakini kumwelewa mtu ni kitu kimoja na kumsamehe ni kingine, na Amida siku ile alikuwa na kimoja tu.

Sauti ilipomrudia, alisimama na kuchukua begi juu ya kabati.

"Nami nahitaji muda. Na wangu si nusu saa."

"Unaenda Majengo?"

"Kwa mama yangu. Kesho saa nane nitakuwa Landless kama nilivyoitwa. Sitakusemea, Ayub. Siri ni yako. Lakini mzigo nimeutua, siubebi tena."

Jumamosi, sebule ya Bi Zahra ilikuwa imefagiliwa na kufukizwa ubani. Kulikuwa na chai ya maziwa na sahani ya mandazi iliyofunikwa kwa kitambaa. Shangazi yake Leila aliketi karibu na dirisha, mama mtu mzima mwenye adabu zake. Mzee Rama, baba mdogo wa Ayub, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Ayub alikuwa amefika kabla ya mkewe. Amida aliwaamkia wote kwa heshima, akachagua kiti cha mwisho.

Bi Zahra hakuzunguka. Alisema miaka sita si miaka miwili. Alisema dini haimzuii mwanamume, na kwamba hakuna anayemfukuza Amida. Atabaki na heshima yake ya mke mkubwa. Mti umenyeshewa, umetiwa mbolea, na haukuzaa. Mkulima afanye nini?

"Ayub, mwanangu, sema tukusikie," Mzee Rama alisema.

Ayub alikuwa ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti, kama alivyokaa mbele ya Amida miaka yote ile. Wiki moja iliyopita Amida angeona mtu asiyejali. Sasa aliuona mshipa wa shingoni ukirukaruka chini ya ngozi, na akajua. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi wake mwenyewe, tayari kabisa. Sentensi moja tu, na aibu yote ingehamia ilikostahili kukaa. Akabana meno. Kama angemsemea leo, angemsemea maisha yote.

"Huyu kijana ameona haya," Bi Zahra alisema akimgeukia shangazi. "Kimya chake ni kukubali."

Amida alishika ukingo wa kiti ili ainuke aende zake.

"Hapana, Mama." Sauti ya Ayub ilitoka imekwaruza. "Si kukubali. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi nisiyezaa. Nilipimwa miaka miwili iliyopita. Amida hana shida yoyote, hajawahi kuwa nayo. Nilijua, nikakaa kimya, nikawaacha mkamsema."

Bi Zahra alimtazama kana kwamba amezungumza lugha nyingine. "Nani amekufundisha maneno haya? Ni huyu?"

"Huyu amejua jana."

Ayub alitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Mzee Rama alivaa miwani akaisoma kimyakimya, kisha akaikunja tena na kumrudishia.

"Ni ya miaka miwili kweli," alisema.

Shangazi yake Leila aliweka kikombe chini. Alisema walikuja kwa nia njema na wanaondoka kwa nia njema, akaomba ruhusa, na Mzee Rama akamsindikiza. Bi Zahra alibaki amekaa. Aliyatazama mandazi, akamtazama mwanawe, na mwishowe macho yake yakamfikia Amida.

"Zile dawa nilizokuletea," alisema. "Zile chungu. Ulikunywa zote?"

"Zote, Mama."

Bi Zahra alivuta mtandio wake akajifunika uso.

Amida hakukaa kumbembeleza. Ayub alimfuata mpaka mlangoni, akamuuliza kama wanaenda nyumbani. Akamjibu kwamba anarudi Majengo, na kwamba asimfuate.

Wiki tatu zilipita. Siku za kwanza Ayub aliandika jumbe ndefu, na Amida alizisoma bila kujibu. Kisha zikawa fupi.

“Sina la kujitetea. Nimepata daktari Jumanne saa tatu. Nitaenda, uje usije.”

Amida hakwenda. Jumanne ileile, kabla ya adhuhuri, ukaja ujumbe mwingine.

“Daktari anasema huenda ni mrija wa mbegu umeziba. Upasuaji huenda ukasaidia, huenda usisaidie. Hakuniahidi kitu. Nimetoka kwake sasa hivi, nikaona ujue leo.”

Ujumbe huo Amida aliurudia mara nyingi kuliko zile ndefu zote. Hakujibu, lakini aliurudia.

Bi Zahra naye alikuja Majengo siku moja asubuhi. Aliketi na mama yake Amida, wakanywa chai bila kusemezana sana, kisha akamwita mkwewe na kumwomba msamaha mbele ya mamake. Alisema alimkosea kwa mdomo, na kwa mkono uliomletea zile dawa. Amida alimshukuru kwa kuja. Alimwambia wazi kwamba amesikia, lakini kidonda bado kibichi na hataki kujifanya kimepona. Bi Zahra alikubali kwa kichwa, akaondoka ameinama kidogo kuliko alivyokuja.

Nakhumicha alipiga simu kuuliza kama wanandoa hao wataendelea na utafiti. Amida alimwambia hajui hata kama bado ni wanandoa.

"Nyinyi mmesoma," alisema. "Watu kama sisi, mwisho wao huwa nini?"

"Utafiti husema kuhusu wengi, Amida. Kuhusu wewe hausemi. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wanaodumu pia hugombana, tena sana. Tofauti ni kama aliyeharibu hurudi kutengeneza, na kama mwenzake humwona anaporudi."

"Na nikimwona nikashindwa kusamehe?"

"Basi utakuwa umeshindwa ukiwa umeona. Hakuna atakayekulaumu."

Mwisho wa mwezi Amida alichukua uamuzi. Alikwenda Mwihoko mchana, Ayub akiwa kazini, akakusanya vitambaa vya wateja na nguo zake zilizobaki, akaagana na Ngina kwa kukumbatiana kwa muda mrefu, kisha akapitia Kamakis, kwenye karakana ya Ayub, kurudisha funguo za nyumba. Alitaka kuzikabidhi mkononi, mambo yaishe kwa adabu.

Karakana ilikuwa na moshi na makelele. Ayub alikuwa amechuchumaa mbele ya geti kubwa lililoegemezwa ukutani, mgongo kwa barabara. Mwenzake Bedan alikuwa amekalia debe, akipiga domo kama kawaida yake. Amida alisimama nyuma ya mabati akisubiri mashine izimwe.

"Lakini wewe, fundi, unamlilia nini?" Bedan alikuwa akisema. "Mke miaka sita hajakupa hata mtoto mmoja. Si ashukuru hukumfukuza yeye kwanza."

Ayub alizima mashine. Amida alitarajia kile kimya. Aliujua urefu wake.

"Bedan, asiyezaa ni mimi," Ayub alisema. Hakupaza sauti, wala hakuishusha, na mafundi wawili wa upande wa pili waligeuka. "Amida hana kasoro. Nilijua hilo nikamwacha abebe aibu yangu miaka miwili. Ukitaka kumtania mtu, nitanie mimi. Yeye usimtaje hivyo tena."

Bedan alikosa pa kuweka macho. Alikuwa wa kwanza kumwona Amida, na akasimama kutoka kwenye debe kama mtu aliyefumaniwa. Ayub akageuka.

Walitazamana. Jasho lilikuwa limechora njia kwenye masizi ya uso wake, na mkono ulioshika barakoa ya kuchomelea ulikuwa ukitetemeka. Amida aliona ni kiasi gani maneno yale machache yalikuwa yamemgharimu, na kwamba hakujua mkewe yuko pale akisikia.

"Umekuja," Ayub alisema.

"Nilikuja kurudisha funguo."

Ayub alilitazama begi begani mwake. Alinyoosha mkono kuzipokea.

"Naogopa," alisema. "Moyo unanienda mbio mpaka sikusikii vizuri. Lakini sitoki hapa. Sema lolote ulilokuja kusema."

Amida alikaa na funguo mkononi. Hasira ilikuwepo bado. Aliipapasa ndani yake akaikuta mahali pake. Ingekuwepo kesho, na pengine hata mwakani. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mtu ambaye kwa miaka sita hakuwahi kumwona, anayesema anaogopa na asikimbie.

"Nitakukasirikia kwa muda mrefu, Ayub. Ujue hivyo."

"Najua."

"Na nikikuuliza, utanijibu. Hata liwe baya vipi."

"Nitakujibu."

Alitua begi la vitambaa juu ya lile debe la Bedan, akarudisha funguo ndani ya mkoba wake.

"Hilo geti linachukuliwa saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi limalize," Amida alisema, akavuta kibao kivulini akaketi. "Nakungoja."